Telluride, MerleFest au Grey Fox? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

#1 Mchaga_Ohio
Wakuu, salaam. Ugonjwa wangu wa blugrasi, huu muziki wa Kimarekani wa banjo na fidla, wengine humu mnaujua. Miaka mitatu nasikiliza kwenye simu zamu za usiku, natembea katikati ya makontena huku banjo inalia masikioni. Mwaka huu nimeapa lazima niwaone kwa macho. Nimepata likizo ya wiki moja na nimebakiza matamasha matatu: Telluride ya Colorado, MerleFest ya North Carolina na Grey Fox ya New York. Waliowahi kwenda, ipi inalipa? Nanunua tiketi Ijumaa mshahara ukiingia.

#2 BabaNeema
Mkuu, umeingia dukani ukasema "nipe viatu". Namba ngapi? Ohio nimeiona kwenye jina lako, lakini Ohio si kijiji. Unakwenda peke yako au na familia? Hema au hoteli? Na likizo ya mwezi gani? MerleFest ni mwisho wa Aprili, Telluride ni Juni, Grey Fox ni Julai. Wiki moja haiwezi kukalia miezi mitatu.

#3 Fidla_na_Ugali
Telluride. Mjadala ufungwe.

Nimekwenda mara mbili. Jukwaa liko bondeni, miamba imelizunguka, theluji bado inaonekana juu na huku ni Juni. Jioni jua linapopiga ile miamba ikawa nyekundu, anatoka Sam Bush na mandolini yake, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nane. Tamasha lilianza 1974, na yeye anapanda pale tangu 1975, ndiyo maana wanamwita mfalme wa Telluride. Asubuhi kuna foleni ya watu wenye maturubai kwapani. Lango likifunguliwa ni mbio, kila mtu anawahi kutandika mbele. Nimemwona mzee wa miaka kama sabini anakimbia utadhani anawahi daladala la mwisho la Mbagala.

#4 BabaNeema
Mwambie na nusu nyingine basi. Mle wanachanganya kila aina ya muziki. Kuna usiku unaweza kukaa saa tatu usisikie banjo hata moja. Halafu mwambie na bei za vyumba katika ule mji.

#5 Fidla_na_Ugali
Bei ni za kulia, sikatai. Lakini kuchanganya ni kawaida ya matamasha makubwa yote. Lile la bure la San Francisco, pale Golden Gate Park kila mwanzo wa Oktoba, lilianza 2001 kwa jina la Strictly Bluegrass, yaani blugrasi tupu. Baada ya miaka michache wakaona aibu, wakaongeza Hardly mbele, ikawa "si blugrasi tupu". Angalau wale ni wakweli. Na aliyelianzisha, Warren Hellman, alikuwa tajiri wa mambo ya fedha aliyekuwa akipiga banjo mwenyewe. Nyie matajiri wenu wanapiga nini?

#6 Bi_Mkubwa_Durham
Wanangu, hamjambo. Mimi ni wa MerleFest, nimekwenda mara nne. Inafanyika kwenye viwanja vya chuo pale Wilkesboro, kwa hiyo kuna vyoo vya kujengwa, kuna kumbi zenye paa, kuna vivuli. Majukwaa yanazidi kumi, ukichoka hapa unahamia pale. Tamasha lilianza 1988 kumkumbuka Merle Watson aliyefariki kwa ajali ya trekta 1985. Baba yake, Doc Watson, alikuwa kipofu, na mkono wake wa gitaa sijauona kwa mwingine. Nilimwona kabla hajafariki 2012. Alikaa kwenye kiti tu, hana mbwembwe, anazungumza na watu kama yuko barazani kwake. Nilipokuwa nakwenda pombe haikuuzwa ndani, na mpaka usiku hukuti mtu amelewa anakukanyagia mtoto.

Ila baridi ya usiku wa Aprili milimani msiidharau. Chukua sweta mbili.

#7 Mchaga_Ohio
Asanteni wakuu. Shikamoo Bi Mkubwa.

Majibu ya BabaNeema: nakaa Columbus. Tutakuwa mimi, mke wangu, mtoto wa miaka minne na mama mkwe anayekuja kutusalimia kutoka Marangu. Likizo ni wiki ya tatu na ya nne ya Juni. Yaani nimepewa siku saba, nazipanga humo humo. Hema sina.

#8 BabaNeema
JUNI! Sasa MerleFest na Grey Fox ulizileta humu kufanya nini? Bi Mkubwa wa watu kaandika mpaka habari za sweta.

Na mama mkwe ndiyo unamtaja leo? Kwanza hiyo Telluride ifute. Mji uko mita 2,667 juu ya usawa wa bahari. Mtu ashuke kwenye ndege ya masaa, siku mbili baadaye umpeleke huko akakae kwenye turubai?

#9 Fidla_na_Ugali
Mama ni wa Marangu, mkuu! Amezaliwa mlimani. Atatushangaa sisi tunaohema.

#10 BabaNeema
Lango la Marangu lenyewe liko kama mita 1,900, na nyumba za watu ziko chini yake. Mita 2,667 ni karibu sawa na Mandara, kibanda cha kwanza cha wapanda mlima. Muulize mkweo mara ya mwisho kulala Mandara ni lini.

#11 Papa_Likasi
Bandugu, niko Louisville, miaka kumi sasa. Huyu ndugu yetu yuko Columbus, mwendo wa saa tano tu kufika Owensboro, Kentucky, mbona anatafuta milima? Kuna tamasha la ROMP, mwishoni mwa Juni, pale Yellow Creek Park. Wanaoiandaa ni wale wa jumba la makumbusho la blugrasi ambalo liko Owensboro hapo hapo. Mchana jua likizidi unampeleka mama ndani ya makumbusho, kuna kiyoyozi, anaona mabanjo ya zamani. Na kutoka hapo mpaka Rosine, alikozaliwa Bill Monroe, baba wa blugrasi, 1911, haifiki saa moja kwa gari. Nyumba yao wameitengeneza, unaingia mpaka jikoni.

Mimi blugrasi ilinishika kwa sababu ya mikono. Nyumbani Katanga tulikua na gitaa la Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952. Dole gumba linatembea na besi, shahada inaimba juu. Siku ya kwanza kusikia banjo ya Earl Scruggs nikasema huyu ameongeza kidole kimoja tu. Kweli, yeye ni vidole vitatu, gumba, shahada na cha kati, vinazunguka bila kupumzika. Nikakaa mbele ya televisheni mpaka chakula kikapoa.

#12 Nakuru254
Niaje watu wangu. Sisi Kenya tumelelewa na kantri, kuanzia Jim Reeves na Don Williams hadi Kenny Rogers, kila Jumapili redioni. Kwa hivyo mimi sioni tofauti kubwa. Blugrasi si ni kantri yenye haraka? Na mbona hawaweki ngoma? Bendi bila ngoma ni kama nyama choma bila kachumbari.

Ushauri wangu, wachana na matamasha. Nenda Nashville. Kuna klabu ya Station Inn, chumba kidogo kimeanza 1974, unakaa karibu na jukwaa hadi unaona nyuzi zikitikisika. Halafu kuna ukumbi wa Ryman, pale pale Scruggs alipojiunga na Bill Monroe Desemba 1945. Mama analala hotelini, kitanda safi, hakuna matope.

#13 Fidla_na_Ugali
Kantri yenye haraka!! Ndugu yangu wa Nakuru, ngoma ipo, hujaisikia tu. Sikiliza mandolini. Kila mara mpigaji anapokata zile nyuzi kwa mkato, ta, ta, ta, katikati ya mapigo ya besi, hiyo ndiyo ngoma. Besi inakanyaga, mandolini inajibu. Ukileta seti ya ngoma hapo unawazika wote wawili. Halafu waone wanavyozunguka maikrofoni moja. Wa fidla anasogea, wa banjo anarudi nyuma, wa gitaa anapita katikati, hawagongani. Mpira wa pasi fupi fupi ule.

#14 Nakuru254
Sawa mwalimu. Bado nataka ngoma.

#15 Mama_Pili
Mimi si mpenzi wa huo muziki, mume wangu ndiye mgonjwa, lakini nimesoma hapa "hema sina" na "mtoto wa miaka minne" nikaona nisinyamaze.

Tulikwenda tamasha moja, jina silitaji. Mume akaniambia ni kama pikiniki. Tuna watoto wawili, mmoja bado wa nepi. Tumefika Alhamisi jioni mvua inanyesha, uwanja ni shamba la ng'ombe, gari limezama mpaka ekseli. Akaja mtu na trekta, akatuvuta, akataka dola arobaini taslimu. Hatukuwa na taslimu. Ikabidi mume aazime kwa jirani tusiyemjua, mtu mwenye ndevu mpaka kifuani, akampa bila kuuliza jina. Huyo Mungu ambariki, ila subirini.

Hema tumesimamisha gizani. Kumbe wakati wa kununua tiketi ulitakiwa uchague kambi ya utulivu au ya makelele, na mume wangu hakusoma. Tukapewa ya makelele. Saa sita usiku yule wa ndevu akatoa banjo, wakaja wenzake, wakakaa duara mita nne kutoka kichwa cha mwanangu. Wimbo mmoja wanaurudia dakika ishirini. Kila mmoja apewe zamu yake, halafu waanze tena! Saa kumi alfajiri bado wapo. Nimetoka nikawaambie, namwona nani kwenye duara? Mume wangu. Kaazimwa gitaa, anapiga kodi mbili alizojifunza kwenye simu, anacheka peke yake.

Jumamosi, siku ya ile bendi tuliyoifuata, radi zikaanza, watu wakaambiwa warudi kwenye magari. Tumekaa garini saa mbili na nusu, mtoto ana homa. Tukaondoka. Bendi ilikuja kupiga saa tano usiku, tukiwa barabarani. Mpaka leo nikifungua buti nasikia harufu ya tope. Yeye anasema ilikuwa wikendi bora ya maisha yake.

#16 BabaNeema
Dada pole sana. Ila hayo aliyoyakuta mumeo kwenye duara ndiyo tamasha lenyewe. Grey Fox wengi wanakwenda kwa ajili ya kambi kuliko jukwaa.

#17 Mama_Pili
Ndiyo aliyoniambia na yeye. Nyie mmelogwa na mtu mmoja.

#18 Mchaga_Ohio
Mke wangu amesoma #15 mara mbili na ameniita jikoni. Ninarudi.

#19 Papa_Likasi
ROMP chukua hoteli mjini Owensboro. Usiku mnarudi kulala. Joto la Kentucky Juni ni kali, ile ya kulowana shati umesimama, beba kofia za mama na mtoto.

#20 Kijana_wa_Tabata
Samahani wakuu, niulize lililo moyoni. Huko watu weusi mpo wangapi? Mimi nikiweka huu muziki hapa Dallas washikaji wananiuliza kama nimebadilisha rangi.

#21 Bi_Mkubwa_Durham
Mwanangu, nisikudanganye, wachache. Mara ya kwanza nilihesabu, nikahesabiwa na mimi. Lakini hakuna aliyenitazama vibaya, na mama mmoja alinilazimisha kula keki yake.

Ila waambie washikaji wako banjo imetoka wapi. Watumwa wa Afrika Magharibi ndio waliokuja na ujuzi wake, na mpaka leo Wajola wa Gambia na Senegal wana akonting, ala ya nyuzi ya kibuyu, ukiiona utajua ni ndugu. Bill Monroe mwenyewe, kijana mdogo kule Kentucky, alijifunza kwa mpiga gitaa na fidla mweusi, Arnold Schultz, aliyefariki 1931. Hapa kwetu Durham, Aprili 2025 Rhiannon Giddens, mwimbaji mweusi mpiga banjo, alifanya tamasha lake, Biscuits & Banjos, na siku zile sikuhitaji kuhesabu mtu.

#22 Fidla_na_Ugali
Heshima yako Bi Mkubwa, lakini ile si blugrasi. Ni muziki wa nyuzi wa zamani, kabla ya Monroe. Tusichanganye.

#23 Bi_Mkubwa_Durham
Wewe uliyetuambia kuchanganya ni kawaida?

#24 BabaNeema
😂😂 Amekamatwa.

Kuongezea: Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alibeba banjo yake 2005 akazunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, yule kipofu mwenye sauti ya ajabu. Mwaka 2009 Ngoliga akaja mpaka huku Marekani kupiga naye. Ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupiga kwa vidole gumba, na banjo. Nikisikia, sijui nani mgeni wa nani.

#25 Mchaga_Ohio
Nimerudi. Kikao kimekaa. Telluride imekataliwa, sababu ni bei, Mandara haikutajwa hata. Hema limekataliwa kabisa. ROMP inajadilika. Tumempigia mama, nikamchezea wimbo kwenye simu. Ameuliza swali moja: "Hawa ni wa kanisa gani?" Akataka kujua Jumapili atasali wapi.

#26 Bi_Mkubwa_Durham
Mwambie matamasha mengi ya blugrasi Jumapili asubuhi ni nyimbo za injili. Sauti nne zimepangwa kama kwaya ya usharika, besi ya mzee chini kabisa na mwingine anapanda juu mpaka unaogopa atakatika. Atakaa mbele huyo.

#27 Papa_Likasi
Angalia kwanza ratiba ya mwaka huu kama Jumapili wapo. Wasipokuwepo, Bean Blossom pia ni Juni, Indiana, kwenye uwanja uliokuwa wa Bill Monroe mwenyewe. Wanafanya pale tangu 1967. Kwako ni karibu zaidi, saa nne. Miti mingi, kivuli kizuri.

#28 Mchaga_Ohio
Hii Bean Blossom mbona hamkuisema mapema? Sasa nina mbili tena. Ijumaa ninunue ipi? Na tiketi zinarudishwa mtu akishindwa kuja? Maana mama bado hajapata viza. Mahojiano ubalozini ni mwezi ujao.

#29 BabaNeema
Hajapata VIZA?

#30 Mama_Pili
Mume wangu anauliza kama huyo mama asipokuja, kuna nafasi moja kwenye gari.

#31 Nakuru254
Kwa mahojiano mwambie abebe barua ya mwaliko na karatasi za shamba. Na mwenye kujua nani anauza banjo iliyotumika hapa Minnesota, isizidi dola mia tatu, anitumie ujumbe.