Kundi la ukoo: eti kombe la waliokosa kombe

Zuberi (Columbus): Shikamooni wakubwa. Timu ya kikapu ya chuo chetu imeachwa NCAA, kombe kubwa la vyuo vya Marekani, mwaka huu. Tumeangukia NIT, lile kombe la pili 😔

Mjomba Hemedi: Marahaba. NIT ndiyo ile ya waliokosa? Kwa hiyo mko Shirikisho 😂

Zuberi: Usidharau mjomba. NIT ilianza 1938, NCAA ikafuata mwaka mmoja baadaye. Na ilichezwa Madison Square Garden, New York. Walioianzisha ni waandishi wa michezo wa palepale mjini.

Mjomba Hemedi: Yaani waandae wao, wasifie wao 😂

Zuberi: Sawa, lakini fainali ya kwanza ya NCAA ilichezwa Evanston, Oregon 46 Ohio State 33, na waandaaji wakatoka na hasara.

Mama Zai: Ohio State si hapohapo kwenu?

Zuberi: Ndio shangazi. Huku hilo halitajwi 🤫

Mjomba Hemedi: Umaarufu sibishi. Mimi nauliza uwezo. Hawakuwahi kukutanishwa?

Zuberi: Walikutanishwa. Wakati wa vita, 1943 hadi 1945, bingwa wa huku na bingwa wa kule walicheza kuchangia Msalaba Mwekundu.

Mjomba Hemedi: Ikawaje?

Mjomba Hemedi: Naona unaandika unafuta, unaandika unafuta.

Zuberi: NCAA walishinda zote tatu. Wyoming 52–47 St. John's, muda wa nyongeza. Utah 43–36, St. John's haohao. Oklahoma A&M 52–44 DePaul.

Mjomba Hemedi: Na mechi zilichezwa wapi?

Zuberi: Garden 😩

Mjomba Hemedi: Nyumbani kwa NIT! Kesi imekwisha, nakwenda kuswali.

Neema: Mjomba ukirudi usome hii. Hao Utah wa 1944 walianzia NIT. Walitolewa mechi ya kwanza na Kentucky.

Zuberi: Kweli kabisa. Walialikwa kote kuwili wakachagua NIT. Walipotolewa, Arkansas wakawa wamejitoa NCAA kwa sababu ya ajali ya gari, ndipo Utah wakaitwa kuziba nafasi. Wakabeba kombe, 42–40 dhidi ya Dartmouth.

Neema: Basi aliyeshindwa kupita raundi ya kwanza NIT ndiye bingwa wa NCAA. Ugumu ulikuwa wapi hapo?

Mjomba Hemedi: Na huyohuyo akampiga bingwa wa NIT. Binti, umejifunga.

Neema: Mechi tatu tu mjomba. Na ile ya 1945 George Mikan wa DePaul alitolewa mapema kwa faulo.

Baba Zai: Mimi naona zilikuwa sawasawa. 1950 CCNY, chuo cha jiji la New York, walibeba zote mbili msimu mmoja, na fainali zote waliwafunga Bradley. Hakuna mwingine aliyewahi.

Mjomba Hemedi: CCNY hao si ndio mwaka uliofuata wachezaji wao walikamatwa kwa kuuza mechi?

Baba Zai: Ndio hao 🙈 Na hawakuwa peke yao, Bradley nao walikutwa.

Neema: Hata 1970 bado NIT ilikuwa na heshima. Marquette hawakupenda walikopangiwa na NCAA, kocha Al McGuire akaikataa, akaenda NIT akabeba.

Zuberi: Kilichoimaliza ni mlango. NCAA zamani ilichukua timu moja tu kwa kila ligi, kwa hiyo washindi wa pili wakali walibaki kwa NIT. 1975 wakafika timu 32 na kuruhusu zaidi ya moja. NIT ikabaki na makombo. 2005 NCAA wakainunua kabisa.

Mama Zai: Thabeet wetu alicheza ipi?

Zuberi: NCAA shangazi. Mwaka 2009 alifika nne bora na Connecticut.

Mjomba Hemedi: Mnaona? Mtoto wa Dar hakucheza makombo.

Neema: Mjomba, 2023 Yanga ilipofika fainali ya Shirikisho nani alichinja mbuzi?

Mjomba Hemedi: Ile ilikuwa tofauti.

Mama Zai: Na pilau tulikula 😂😂

Mjomba Hemedi: Zuberi, hiyo mechi yenu huku kwetu inakuwa saa ngapi?