Bando moja, tamthilia moja: ipi imeitendea gemu yake haki?

Mtoto wa Langoni
Assalam aleykum jamaa. Binamu yangu anavuka kuja Lamu wiki ijayo, atakaa kwetu siku nne. Huyu ni mtu wa pedi ya gemu: The Last of Us ameimaliza mara mbili, na ukimsema vibaya Joel wake, yule mhusika unayemchezesha, mnagombana. Upande wa pili yuko dada yangu mkubwa, ambaye pedi anaijua kwa kuisogeza akifagia. TV ni moja, bando ni moja, na stima mnaijua tabia yake. Natafuta tamthilia moja iliyotokana na gemu, wote wawili waikalie bila mmoja kusinzia wala mwingine kurusha mto.

Nilivyozipanga kichwani: The Last of Us ya HBO (2023) inaifuata gemu ya 2013 karibu hatua kwa hatua, kuna mahali hata maneno ni yale yale. Fallout ya Amazon (2024) imechukua ulimwengu wa gemu, lakini kisa na watu wake wakuu ni wapya. Arcane ya Netflix (2021) imewachukua wapiganaji wa League of Legends ikawatungia utoto. Halo ya Paramount+ (2022) imechukua jina na nguo.

Mnanishauri ipi?

Nahodha Kipupwe
Halo usimwekee. Utalala barazani.

Binti Shela
Last of Us. Na sisemi hivyo kwa sababu imenakili, maana sehemu yake nzuri kuliko zote ndiyo ile iliyoacha kunakili. Kwenye gemu Bill ni mtu wa kinyongo anayewasaidia kupata gari. Mwenzake Frank mnamkuta ananing'inia kwenye kamba, ameacha barua ya kumwambia Bill alivyomchukia. Mnaisoma, mnaendelea na safari. Kwenye TV hao wawili wamepewa karibu sehemu nzima ya tatu: wanakutana, wanazeeka, wanakula stroberi walizopanda wenyewe. Nick Offerman alipata Emmy, tuzo ya TV ya Marekani, kwa huyo Bill.

Gemu isingeweza kufanya hivyo. Ukishika pedi lazima upewe kazi ya mikono, ndiyo maana mtaa wa Bill umejaa mitego na walioambukizwa. Mtazamaji mikono yake ni mitupu, anaweza kukaa akatazama watu wakila.

(Ni mapenzi ya wanaume wawili, kwa hiyo kama wazee watakuwa sebuleni ujipange mapema.)

Malindi Kwetu
Binti Shela, hapo sina neno. Ila ngoja nikwambie TV ilipopoteza. Ambaye hajafika mwisho aruke.

Hospitali, Salt Lake City. Kwenye gemu unaingia chumba cha upasuaji, daktari ameshika kijisu, amekukingia njia ya kumfikia Ellie, yule mtoto ambaye Joel amesafiri naye. Hapo gemu inakungoja. Mimi nilizunguka mle ndani nikitafuta njia ya kumpita. Hakuna. Nikasimama tu, pedi imelowa jasho. Mpaka ubonyeze wewe mwenyewe, kwa kidole chako. Kwenye TV Pedro Pascal, anayemwigiza Joel, anabonyeza kwa niaba yako, wewe umekaa na hamri mkononi. Chumba ni kile, daktari ni yule, risasi ni ile, lakini aliyeua si mimi tena. Kwa hiyo mtu akiniambia tamthilia fulani "imefuata gemu kwa uaminifu" huwa namuuliza: imefuata nini?

Nahodha Kipupwe
Sasa ami, unataka TV ije na pedi?

Malindi Kwetu
Nataka wajue wanachokiacha. Wakishajua wabadilishe watakavyo.

Mzee wa Mkunguni
Wanangu, gemu mimi sizichezi, wajukuu ndio wameniunga humu. Lakini hili la kufuata si geni. Kisa cha Fumo Liyongo hapa kila nyumba ina chake. Bibi yangu alikuwa akirefusha pale mama mtu anapompelekea tupa gerezani ndani ya mkate wa wishwa, mpaka tunasinzia. Jirani yetu ile tupa anaipita mbio, anakimbilia kikoa cha makoma, pale walipopanga kumfuma juu ya mkoma. Na hatukuwahi kumwambia yeyote kati yao kuwa ni mwongo. Sasa mtu aje atusimulie Liyongo aliyeuawa vitani na adui! Tungeondoka mkekani. Ni mwanawe, na ni sindano ya shaba kitovuni. Hiyo ukiitoa, unalobaki nalo ni jitu refu tu.

Katika hizo zenu, sindano ni ipi?

Binti Shela
Shikamoo babu. Kwa Last of Us sindano ni uongo wa mwisho, Joel anapomwapia Ellie. Huo hawakuugusa.

Fundi Antena
Mimi namtetea Fallout. Hawakugusa kisa cha mtu yeyote, kwa hiyo hawakuvunja cha mtu. Lucy anatoka Vault 33, handaki walimojificha watu chini ya ardhi, kumtafuta babake, mwaka 2296, baada ya gemu zote. Dada yako hahitaji kujua lolote, maana Lucy mwenyewe hajui lolote kuhusu huko nje. Binamu naye atakuwa anaruka kila akiona chupa ya Nuka-Cola, soda ya kwenye gemu.

Ila usidhani njia hii haina miiba. Kuna ubao wa darasani unaonyeshwa muda mfupi tu, umeandikwa kuanguka kwa mji wa Shady Sands, 2277. Wachezaji wa New Vegas, mojawapo ya gemu za Fallout, wakawaka moto, kwa sababu gemu yao iko 2281 na mji ule bado upo. Ikabidi Todd Howard, bosi wa gemu zenyewe, aeleze kuwa bomu lenyewe lilianguka baada ya mambo ya New Vegas. Ugomvi wote huo kwa chaki!

Mama Tausi
Nyinyi mnateseka bure. Wale ma-DJ wa muvi wanaoingiza sauti, Mchina wanamwita Kamau, anatoka Gikomba anakwenda kulipa kodi ya nyumba, nasi tunacheka mpaka machozi. Nani amewahi kudai uaminifu?

Malindi Kwetu
Mama Tausi, DJ hajifichi. Unamsikia anavyokorofisha na picha ya asili unaiona hapo hapo chini yake. Halo inakuja na jina kamili la mwenyewe.

Kijana wa Mokowe
Halo mnaionea. Muigizaji unamnyima uso vipi kwa sehemu tisa? Pablo Schreiber aigize na kioo?

Malindi Kwetu
Toka 2001 Master Chief, askari unayemchezesha kwenye Halo, hajawahi kutuonyesha uso wake vizuri, na si kwa kusahau. Ndani ya ile helmeti nimekaa mimi. Schreiber akaivua sehemu ya kwanza kabisa, nikamkuta mtu kwenye kiti changu. Misimu miwili wakaisimamisha, 2024.

Kijana wa Mokowe
Na Arcane je? League ni watu watano kwa watano wanabomoa minara, hakuna cha kufuata. Imepata Emmy 2022. Kumbe gemu ikiwa na kisa kidogo ndiyo afadhali.

Fundi Antena
Hapo umepiga penyewe. Jinx wa gemu ni kicheko na bunduki. Walichofanya ni kuuliza amekuwaje hivyo.

Mtoto wa Langoni
Naleta ripoti. Tulianza Fallout, binamu akawa anasimamisha kila dakika mbili kumweleza dada hiki kinatoka gemu gani. Dada akamnyang'anya rimoti, akatuwekea Arcane. Usiku wa pili bando likaisha katikati ya sehemu ya sita. Asubuhi dada, ambaye hajui League ni kitu gani, ndiye aliyetoa pesa ya bando jingine, akasema Powder, yaani Jinx akiwa mdogo, amemkumbusha mtu ambaye hatamtaja. Binamu amerudi Malindi bila kuiona Last of Us hata dakika moja. Anasema ataitazama peke yake, mlango umefungwa.

Kijana wa Mokowe
Halo hamkuijaribu hata sehemu moja?

Nahodha Kipupwe
Mwambie Chief avae kofia kwanza.