Mgeni anataka nimsindikize Karthala, Ngazija. Nijiandae vipi?

Mgumu_Machame (Moshi)
Shikamooni wakubwa. Niko Kili mwaka wa sita: minne nimebeba mizigo, miwili msaidizi wa kiongozi. Mgeni niliyempandisha kilele cha Uhuru Januari anaenda Komoro Agosti, anataka tufuatane hadi kreta ya Karthala, volkano ya kisiwa cha Ngazija. Nimeona ni mita 2,361, haifiki hata Mandara, kambi yetu ya kwanza njia ya Marangu. Naona ni siku moja na mkoba mdogo. Au kuna kitu sikioni?

DadaMomella (Arusha)
Marahaba mdogo wangu. Nilikuwa nimeongoza Mlima Meru miaka tisa nilipoenda Ngazija, na niliwaza hivyo hivyo. Geti la Marangu tayari liko juu ya mita 1,800. Kule unaanzia Mvouni, juu kidogo ya Moroni, na Moroni iko ufukweni. Hesabu mwenyewe. Watu wengi hulala njiani.

Lakini kilichonikamata ni maji. Huku kwetu mpishi anachota kijitoni, anachemsha. Kule mwamba wa volkano ni chujio: mvua inanyesha kweli kweli, yote inazama. Ngazija haina mto wa kudumu hata mmoja. Wenyeji wanakinga mvua kwenye matangi, ndiyo maana mlima ulipolipuka mwaka 2005 majivu yaliingia humo, watu wakahangaika na maji ya kunywa. Kila tone utakalokunywa juu, umelibeba.

Tulikuwa watatu na lita kumi na mbili kwa siku mbili. Asubuhi ya pili mgeni alikuwa na midomo iliyopasuka, tukageuka bila kuiona kaldera, lile shimo kubwa la kileleni. Hadi leo linaniuma, maana kijana wa Mvouni aliyetuongoza aliniambia tuongeze dumu, nikamjibu mimi ni mtu wa milima.

Usiku ule, hata hivyo, nilimsikia bundi mdogo, Otus pauliani. Anaishi Karthala tu, duniani kote hayupo kwingine. Mlio mmoja, anarudia na kurudia gizani, nami nimekaa nje ya hema sitaki kulala. Kulipokucha, miti ya Erica ilinizunguka kama niko juu ya Mandara. Nilitamani mama yangu aione. Nyati hakuna, kwa hiyo askari wa bunduki kama wa Momella, geti letu la Meru, hutamhitaji.

Mpishi_Mlimani (Moshi)
Muulize mgeni anataka kuona wanyama gani. Wengi wanaota wale popo wakubwa wa Livingstone. Hao wako visiwa vya Nzwani na Mwali, Ngazija hawapo. Mwambie kabla hajakata tiketi.

Mgumu_Machame
Asanteni sana. Dada, kwa hiyo lita ngapi?

DadaMomella
Nne kwa mtu kwa siku, za kupikia mbali. Agosti ni kiangazi kwao, usitegemee mvua.

Mgumu_Machame
Na huyo kijana wa Mvouni bado anapandisha?

DadaMomella
Bado. Nitakuunganisha naye. Mfikishie salamu zangu, umwambie safari hii idadi ya madumu anapanga yeye.