Je, Oxford ilitenda haki kuifunga taasisi iliyowaweka pamoja wanafalsafa na wanasayansi?

Mwanzisha mada:

Ndugu wanajamvi, tarehe 16 Aprili 2024 Chuo Kikuu cha Oxford kiliifunga Taasisi ya Mustakabali wa Binadamu, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, FHI. Ilianzishwa mwaka 2005 na Nick Bostrom, mwanafalsafa mzaliwa wa Sweden, na ikawekwa chini ya Kitivo cha Falsafa, ingawa waliofanya kazi humo walitoka pia katika hisabati, sayansi ya kompyuta, sayansi ya ubongo na uhandisi. Kazi yao ilikuwa kuchunguza mambo yanayoweza kumfuta binadamu duniani, kama vile vimelea vya maabara au akili mnemba itakayotuzidi uwezo, na kuuliza hatari za namna hiyo zipimwe vipi ilhali hazijawahi kutokea.

Taasisi yenyewe imeeleza kwamba kuanzia mwaka 2020 Kitivo kiliizuia kuajiri na kuchangisha fedha, na mwishoni mwa mwaka 2023 kikaamua kwamba mikataba ya watumishi waliobaki haitahuishwa. Chuo, kwa upande wake, kilisema tu kwamba hupitia mara kwa mara miundo inayofaa kwa utafiti, na kikautambua mchango wa taasisi. Msimamo wangu ni kwamba Kitivo kilikuwa na mamlaka ya kuisimamia FHI, lakini kuiacha idhoofike kwa zaidi ya miaka mitatu, kisha kuifunga bila kutaja hadharani kasoro yoyote ya kitaaluma, ni matumizi mabaya ya mamlaka hayo.

Nitoe mfano wa kazi yao, maana bila mfano tutabishana juu ya majina matupu. Mwaka 1950 mwanafizikia Enrico Fermi aliuliza: ikiwa nyota ni nyingi kiasi hiki, viumbe wengine wenye akili wako wapi? Mwaka 1961 Frank Drake alitunga mlinganyo wenye vipengele saba, kuanzia kasi ya kuzaliwa kwa nyota hadi muda ambao jamii yenye teknolojia huendelea kutuma mawimbi yake angani, ambavyo ukivizidisha unapata idadi ya jamii tunazoweza kuzisikia. Kwa miaka mingi watu walichagua namba moja kwa kila kipengele, wakazidisha, wakapata idadi kubwa, kisha wakashangaa kwa nini anga iko kimya. Mwaka 2018 watafiti watatu wa FHI, Anders Sandberg, Eric Drexler na Toby Ord, walionesha kwamba mshangao huo umezalishwa na hesabu yenyewe. Kipengele kama uwezekano wa uhai kuanza kwenye sayari hatukijui hata kwa kukaribia, na makisio yake yanaweza kupishana kwa mara mamilioni mengi. Kukipa namba moja ni kujifanya tunajua. Walipoingiza wigo mzima wa kutojua kwetu badala ya namba moja moja, mlinganyo uleule ulitoa uwezekano mkubwa kwamba tuko peke yetu, na kimya cha anga kikaacha kuwa fumbo. Idara ya astronomia isingeona kwamba swali la "kutojua" ni lake, na mwanafalsafa wa kawaida (wanifahamu vibaya wakitaka) asingejitia katika hesabu zile.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha mada, umechagua andiko lao lisilomdhuru mtu, ukayapita yenye uzito. Toby Ord huyohuyo aliandika mwaka 2020 kwamba uwezekano wa janga la kuuharibu mustakabali wote wa binadamu ndani ya miaka 100 ijayo ni 1 kwa 6. Hayo ni makisio yake, naye hakuficha hilo, lakini tazama: somo ulilolisifu, la kutoweka namba moja pale penye giza, limekwenda wapi? Namba kama hiyo ikishatamkwa kwa jina la Oxford haibaki kuwa makisio tena. Inafika kwa watunga sera ikiwa na sura ya kipimo.

Kisha fedha. Mwaka 2018 mfuko wa Open Philanthropy, uliotegemea zaidi utajiri wa Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, uliidhinisha kuipa FHI hadi pauni milioni 13 na ushee. Sisemi kwamba mtafiti yeyote alinunuliwa. Nasema kwamba swali lenye mfadhili hukua na swali lisilo na mfadhili hudumaa, hata kama la pili ndilo linaloumiza watu leo. Mwezi Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, waliosoma na kuainisha maandishi ya ukatili na ya unyanyasaji wa kingono ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Akili mnemba imekwisha kuwafikia hao. Mwezi huohuo ikaibuka barua pepe ya Bostrom ya mwaka 1996 yenye maneno ya kuwadhalilisha watu weusi, akaomba radhi. Mtu wa huku ana haki ya kuuliza ni binadamu yupi aliyekusudiwa katika jina la taasisi hiyo. Kwangu mimi, Kitivo kilichelewa.

Mchangiaji wa pili:

Naona mnabishana kuhusu watu, na mimi naona tatizo katika muundo. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kina kituo cha falsafa ya sayansi tangu mwaka 1960, kilichoanzishwa na Adolf Grünbaum, ambacho hupokea watafiti wageni kwa muhula au mwaka, kisha wanarudi walikotoka. Hakigombani na kitivo juu ya ajira za kudumu za watu wasiofundisha. Hapa kwetu mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka alisomea sayansi asilia pamoja na falsafa huko Uppsala, Sweden, na mwaka 1991 Nairobi ikawa mwenyeji wa kongamano la dunia la falsafa lililojadili binadamu na mazingira. Hilo halikuhitaji taasisi yenye mamilioni ya pauni.

Mwanzisha mada:

Nashukuru kwa michango. Kuhusu 1 kwa 6, mchangiaji wa kwanza anachanganya mambo mawili. Kosa la watu wa mlinganyo wa Drake lilikuwa kuingiza namba moja moja mwanzoni na kuzizidisha, hivyo kutojua kwao kukapotea njiani. Namba ya uwezekano inayotolewa mwishoni ni muhtasari wa kutojua huko, si madai ya kujua. Unaweza kuipinga kwamba ni kubwa mno au ndogo mno, lakini kuipinga kwa sababu tu ni moja hakuendi popote.

Barua pepe ni aibu, wala sina neno la kuitetea. Hata hivyo haiwezi kuwa chanzo cha jambo lililoanza kabla yake: zuio la kuajiri ni la mwaka 2020, barua imeibuka 2023. Habari ya Nairobi nimeichukua kwa uzito wote, na ni kweli kwamba FHI ilitazama mbali kuliko karibu. Lakini swali la nani abebe gharama ya teknolojia inayomnufaisha mwingine ni swali la falsafa linalohitaji takwimu za ajira na ujuzi wa jinsi mashine zile zinavyofunzwa, yaani linahitaji watu wa aina ileile waliotawanywa.

Mfano wa Pittsburgh ni mzuri kwa kazi ya mtu mmoja mmoja. Andiko la mwaka 2018 liliandikwa na watu watatu wa fani mbalimbali waliokuwa chini ya paa moja, na sioni jinsi mgeni wa muhula mmoja angelifika hapo.

La fedha ndilo zito. Kituo cha usimamizi wa akili mnemba kilichozaliwa ndani ya FHI kilikwisha kutoka Oxford mwaka 2021, kikawa shirika linalojitegemea. Kazi inaendelea, na wafadhili wa aina ileile wapo, ila sasa iko mahali ambapo hakuna kitivo cha kuhoji, wala mwanafunzi wa kubisha, wala jirani wa idara nyingine wa kusema kwamba hoja ni dhaifu. Wanaoshangilia kufungwa kwa FHI kwa sababu ya fedha za matajiri watueleze ni nani atakayezihoji fedha hizo huko nje.