Naomba ushauri: binti yangu amekuwa mkalimani wa nyumba nzima

Mama wa Wawili:
Habari zenu, ndugu zangu. Tulihamia ughaibuni binti yetu akiwa mdogo, na mdogo wake wa kiume akazaliwa hukuhuku. Sasa binti ana miaka 12 na mdogo wake miaka 6. Yapo mengi ya kushukuru, kwani wote wanaipenda shule, na binti huizungumza lugha ya hapa kwa ufasaha unaonifurahisha kila ninapomsikia. Hata hivyo, ufasaha huohuo umemtwisha mzigo. Barua za serikali husoma yeye, simu za mwenye nyumba hupokea yeye, na hivi karibuni ilimbidi amweleze daktari maradhi yangu, mambo ambayo mtoto wa umri wake hakupaswa kuyajua, sembuse kuyatamka. Tangu siku hiyo hapati usingizi vizuri, huniuliza mara kwa mara kama nitapona, na nikimkataza jambo hunijibu kana kwamba sisi ni rika moja.

Mdogo wake naye anaielewa lugha yetu lakini hujibu kwa lugha ya hapa. Mwalimu wake ametushauri tuiache lugha yetu nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Mume wangu amekubali, ila mimi moyo unakataa, kwa sababu bibi yao hajui lugha nyingine. Nifanyeje?

Mkalimani:
Pole sana, dada. Nimefanya ukalimani hospitalini kwa miaka mingi, na hili la mtoto kumtafsiria mzazi wake ndilo lililonisikitisha kuliko mengine yote. Mtoto huruka maneno yanayomtisha, hupunguza ukali wa habari mbaya ili mama asiumie, na istilahi za kitabibu hazijui hata kama shuleni anaongoza. Dawa ikitumiwa vibaya kwa sababu ya tafsiri yake, atajilaumu yeye.

Katika nchi nyingi hospitali zinaweza kukutafutia mkalimani, awe wa ana kwa ana au wa simu, lakini mara nyingi hapatikani usipomwomba. Mwombe wakati wa kupanga miadi, si siku yenyewe. Taja lugha yako, pamoja na lahaja ikiwa ni muhimu, na useme kama ungependa awe mwanamke. Mkalimani wa kazi hiyo anafungwa na wajibu wa kutunza siri. Wakikuambia binti anatosha, kataa kwa upole na uombe hilo liandikwe kwenye faili lako. Hali ya dharura tu ndiyo yenye hukumu tofauti.

Baba Mapacha:
Naafiki kuhusu hospitali, ila sioni haja ya kumzuia binti asitafsiri lolote. Kumsaidia mzazi kusoma tangazo au kuuliza njia humpa mtoto fahari ya kweli, na fahari hiyo ni miongoni mwa mazuri ya maisha haya. Mpaka uwekwe kwenye maradhi, madeni, sheria na ugomvi wa watu wazima. Ningeongeza vikao vya shule vinavyomhusu yeye mwenyewe, kwa maana si haki mtoto atafsiri lawama zake mwenyewe mbele ya mama yake.

Mwanaisimu:
Kwa heshima zote kwa mwalimu huyo, ushauri wake si sahihi. Kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja ni jambo la kawaida kwa watoto wanaokua nazo, wala si dalili ya kuchanganyikiwa. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat alichapisha mwaka 1913 uchunguzi juu ya mwanawe, aliyezungumziwa Kifaransa na baba na Kijerumani na mama, akazimudu zote mbili. Aidha, Ibara ya 29 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, lugha yake, na maadili ya nchi anamoishi na ya nchi alikotoka. Mwonyesheni mwalimu ibara hiyo.

Mkiiacha lugha yenu, mtabaki mkimlea mtoto kwa maneno machache mliyo nayo katika lugha ya ugenini, na hapo ndipo mamlaka ya mzazi hudhoofika. Akijibu kwa lugha ya hapa msimkemee. Endeleeni kwa lugha yenu, na mumpe sababu ya kuihitaji, kama vile kumpigia bibi simu yeye mwenyewe. Ikiwa anachelewa kuzungumza katika lugha zote mbili, mpelekeni kwa mtaalamu.

Mama wa Wawili:
Nawashukuru sana. Maelezo haya nitamsomea mume wangu leo. Je, binti nimwambie nini, asije akadhani nimemwondoa kwa kuwa alikosea?

Mkalimani:
Mwambie hivyohivyo waziwazi, dada: kwamba alitafsiri vizuri, kwamba kazi hiyo ni ya mtu mzima anayelipwa kuifanya, na kwamba kuanzia miadi ijayo atakuwepo mkalimani. Kisha mweleze hali yako ya afya kwa kiasi kinachomfaa, kwa lugha yenu, kwa sababu alichosikia kwa daktari bado anacho peke yake.