Wageni wa jiolojia wanakuja Lindi, niwapeleke wapi?

Wakuu, nina wanasayansi wanne wanatua mwezi wa nane, wanataka volkano na barafu, sasa mi niko Lindi nawatoa wapi hivyo vitu jamani 😂

Mtu wa Mikindani: Hahaa hapo wamekosea ramani. Barafu Kilimanjaro, volkano hai Ol Doinyo Lengai kule karibu na Ziwa Natron, lava yake inatoka nyeusi halafu inageuka nyeupe. Huko ni safari nyingine kabisa.

Bibi Korosho: We wapeleke kilima cha Tendaguru, huku huku Lindi! Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, mifupa ya dinosaria ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini Lindi, siku kadhaa kwa miguu, na yule mjusi mkubwa yupo Berlin mpaka leo, kimo chake kwenda juu mita 13 na kitu. Ila usitegemee kuona mifupa imesimama, ni kilima na msitu tu, waambie mapema wasije wakanuna.

Dereva wa Land Cruiser: Mwezi wa nane poa, pakavu. Masika usijaribu, utope unameza gari. Na kibali cha utafiti wapitie COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, jiwe hata moja wasiweke mfukoni.

Muulizaji: Nashukuru bibi, Tendaguru basi. Dereva, nakufata inbox tuongee bei.