Kochi wa mazoezi: tumchague kwa kifua chake, kwa cheti chake, ama kwa nini?

Mwanzisha mada, Kamalondo

Wapendwa wa Lubumbashi, jambo. Ubishi umeshika kila mahali watu wanapobeba vyuma: wengine wanataka asiye na cheti akatazwe kabisa kufundisha mazoezi, wengine wanasema mwili wa kochi ndio cheti chake. Mimi nina neno langu, na nililipata kwa uchungu.

Mdogo wangu ana miaka 23. Alilipia mwezi mzima kwa kochi mmoja mwenye mikono minene kama mapaja. Siku ya kwanza, saa nane ya mchana, jua la mwezi wa kumi, mvua bado haijashika, kochi akampa mbio za kasi: kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila kupumzika. "Maji utakunywa ukimaliza." Kwenye mzunguko wa nane ama wa tisa miguu ikamkataa. Misuli haikukaza, ilikuwa laini tu, haina nguvu, akaanguka huku akili zake zote ziko timamu. Kochi akasimama juu yake akipiga makofi: "Amka, huo ni uvivu!" Jioni mkojo ukatoka rangi ya kahawa. Hospitalini walimtundikia serumu siku tatu, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Damu yake ni AA ama AS?"

Swali hilo sisi Wakongo tunalijua. Tunawauliza vijana wanapotaka kuoana, ili mtoto asizaliwe SS, yaani na ugonjwa wa selimundu, ule wa chembe za damu kupinda. Kwetu nyumbani tulijua mdogo wangu ni AS, yaani amerithi selimundu upande wa mzazi mmoja tu bila kuumwa; karatasi iko kabatini. Watu wengi wa AS wanaishi vizuri na wanacheza mpira kama wengine. Lakini mwili wao ukisukumwa ghafla kwenye joto, bila maji wala mapumziko, chembe za damu zinaweza kupinda na kuziba njia. Misuli inaanza kufa, na uchafu wake unaangukia mafigo. Kule Marekani, NCAA, shirika la michezo ya vyuo vikuu, liliweka kipimo cha damu ya namna hiyo tangu 2010 kwa wanamichezo wake wa daraja la kwanza, kwa sababu vijana walikuwa wanakufa mazoezini. Sisi ambao AS iko karibu katika kila jamaa, kochi hata hakuuliza.

Ndiyo maana nasema: mpime kochi kwa maswali anayokuuliza kabla hujagusa chuma. Asiyeuliza kitu, mwache na kifua chake.

Kochi wa Katuba

Pole sana kwa mdogo wako, kaka. Mimi ni kochi na cheti sina, nasema wazi. Nilianza 2014 na vyuma tulivyotengeneza wenyewe: mikebe ya maziwa tuliyoijaza simenti, bomba katikati. Watu wangu ni wapakiaji mizigo, wauza makala ya kupikia, wanafunzi. Mkikataza wasio na cheti, watu hao watafundishwa na nani? Wanaolipa dola kila mwezi kwenye sale, kumbi za mazoezi zenye vioo na hewa baridi, hawatakosa kochi. Wangu watabaki na video za simu.

Lakini kuhusu damu umenigusa. Miaka yote hii nauliza juu ya mgongo na magoti. AS sijawahi kuuliza hata siku moja.

Mama wa Bel-Air

Nami niongeze upande wa wanawake, maana wanaume hapa hamtausema. Baada ya mtoto wa tatu tumbo langu lilibaki limetokeza. Kochi wa kwanza akaniambia nilale chali, niinue kifua mara hamsini kila siku. Nikafanya miezi miwili, tumbo likazidi kuchongoka katikati. Tena alikuwa ananishika kiuno "kunielekeza" bila kuniomba ruhusa.

Wa pili ni dada mmoja. Aliniambia nilale, nikunje magoti, niinue kichwa kidogo tu. Akaomba ruhusa, akaweka vidole vyake juu ya kitovu. Vilizama vitatu kati ya misuli miwili. Akasema mimba imeiachanisha, na kuinua kifua vile kulikuwa kunaisukuma nje zaidi. Tukaanza na pumzi. Pumzi tu, majuma matatu! Nililia siku hiyo, kwa sababu mtu alikuwa ameangalia mwili wangu mimi, hakuangalia picha ya mwili anaoutaka yeye.

Kwa hiyo nauliza: kwa nini sale zetu hazina wanawake wanaofundisha? Hili nalo ni la mjadala.

Kinezi, mjini kati

Kazi yangu ni kinezi, yaani natibu viungo na misuli kwa mazoezi na kukanda, na wengi wananifikia wakitoka kwa makochi. Natetea masomo, ila cheti chenyewe kinadanganya: kipo kinachopatikana kwa wikendi moja kwenye intaneti. Mwulize aliyekuonyesha karatasi: ulisoma muda gani, nani alikusimamia ukiwa na mtu mbele yako, ulifundishwa kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama? Aliyesoma kweli hakasiriki.

Ishara nyingine: kochi mzuri anajua pa kuishia. Goti likivimba, anakuleta kwetu. Anayekukanda mwenyewe na kukuambia "maumivu ni dawa" atakuharibu. Na anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anauza maneno. Nusu kilo hadi kilo moja kwa juma ndiyo mwendo wa mtu mzima anayepunguza uzito bila kuumia.

Mzee wa komine ya Kenya, hapa Lubumbashi

Wanangu, mimi nilifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, mpaka pensheni, na nina tansio, damu inapanda. Kochi mmoja alinifunga saa mkononi, akasema mapigo ya moyo lazima yafike namba fulani ndipo mazoezi yahesabike. Nikakazana, namba haipandi, yeye anasema ongeza. Kumbe vidonge vyangu vinazuia moyo usikimbie! Ningekimbia mpaka kaburini nikiitafuta namba ile. Munganga wangu akaniambia kipimo changu ni mdomo: nikiweza kuongea lakini siwezi kuimba, basi inatosha.

Na si kila mtu anahitaji kochi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linaomba angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, na misuli ifanye kazi siku mbili. Mimi natembea alfajiri na wazee wenzangu, kisha nakwenda kula bukari yangu. Feza hazitoki.

Mwanzisha mada, Kamalondo

Baba, kwa kutembea sina ubishi. Mdogo wangu lakini anataka nguvu, na daktari amemruhusu kurudi kidogo kidogo: kuongeza taratibu, kupumzika kati ya zoezi na zoezi, maji wakati wowote anapotaka, asubuhi kabla ya joto, na akisema miguu inalegea aache papo hapo, hakuna kubishana.

Mama wa Bel-Air, swali lako ni zito. Fungua mada yake, nitakuja kuchangia. Kinezi, bado nakataa kwamba cheti kitangulie, maana yule wa mdogo wangu alikuwa nacho, kimetundikwa ukutani ndani ya kioo.

Kochi wa Katuba, wewe ndiye pekee hapa uliyekiri kitu ambacho hukuwa unakiuliza. Uko na nafasi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi?

Kochi wa Katuba

Nafasi ipo. Mje na karatasi ya damu, niione mwenyewe, na ile ya hospitali. Siku ya kwanza habebi chuma. Tutaongea, nitamwangalia anavyotembea na kuchuchumaa, basi. Bidoni ya maji nitaleta mimi.